Demani Kabla ya Chuo: Mwongozo kwa Kijana wa Pwani

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu hufungua milango kwa wanafunzi wapya mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Ukitoa muda wa JKT kwa wanaoitwa kwa mujibu wa sheria, kijana wa Pangani, Bagamoyo, Kilwa au Lindi hubakiwa na majuma machache nyumbani. Mengi huangukia demani, wakati kusi imelegea na bahari inaanza kupendeza tena. Wengi huyamaliza barazani, simu mkononi. Ukiwauliza wanafanya nini, watakujibu wanasubiri chuo.

Kabla hujawa mmoja wao, itazame hali yako. Pengine uliondoka nyumbani tangu kidato cha kwanza kwenda bweni. Pengine ni kidato cha tano ndicho kilichokupeleka Tabora au Kilimanjaro. Vyovyote iwavyo, kwa miaka kadhaa mji wenu umeujua kwa likizo tu, na likizo zenyewe zilikuwa za twisheni. Chuoni utakaa miaka mitatu au zaidi, kisha utatafuta ajira, na ajira nyingi za wasomi haziko Pangani. Kwa hiyo huenda hiki ndicho kipindi pekee ambacho wewe ni mtu mzima, uko kwenu, na hakuna mtihani mbele yako. Ushauri wangu ni kwamba ukitumie kama mwenyeji, si kama abiria aliyeketi stendi. Hapa chini nimeuchambua kwa mifano ya Pangani, ila miji mingine ya mwambao haiko mbali na hayo.

Maliza karatasi kwanza

Karatasi ndizo zinazoharibia watu msimu. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba yako ya NIDA, uviweke mezani pamoja, usome majina herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kina jina la babu na kingine hakina, au jina lako limeandikwa kwa namna mbili, shughulikia leo. Tatizo hilo likigunduliwa Oktoba utaliendea mbio ukiwa mbali na kila ofisi inayoweza kukusaidia.

Kwa anayeomba mkopo, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kabla Bodi ya Mikopo, HESLB, haijakikubali. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho huhakikiwa. Fomu yenyewe inataka saini ya mdhamini, saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na muhuri wa kamishna wa viapo. Mwenyekiti wako ana shamba lake na shughuli zake. Mwendee mapema asubuhi, mwamkie, mweleze shida yako bila haraka, umwachie namba ya simu. Mtoto anayefahamika kijijini hupata saini siku hiyohiyo.

Dirisha la mikopo na la udahili huweza kufunguliwa ukiwa kambini. Kabla hujaripoti JKT, tengeneza nakala za kila cheti, umwachie mtu mmoja mwaminifu nyumbani, na mkubaliane atakachofanya tangazo likitoka.

Maombi mengi hujazwa steshenari. Hilo halina ubaya, ila usikubali kijana wa steshenari akufungulie akaunti kwa namba yake ya simu au barua pepe yake. Ujumbe wa kuthibitisha chuo, kwa waliochaguliwa zaidi ya kimoja, huja kwenye namba iliyosajiliwa. Nywila iwe yako, uiandike kwenye daftari, daftari likae na vyeti.

Kuhusu kozi, usichague kwa uzuri wa jina. Mwongozo wa udahili wa TCU huorodhesha vyuo, kozi, masomo yanayotakiwa na idadi ya nafasi. Usome wote na mtu aliyewahi kupita chuo. Wewe uliyekua karibu na maji una njia ambazo wenzako wa bara hawazifikirii haraka: sayansi za majini na uvuvi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ufugaji wa viumbe wa majini Sokoine, au ngazi ya cheti na diploma kwenye chuo cha uvuvi cha FETA pale Mbegani, Bagamoyo. Usijilazimishe kwenda huko, lakini usizikatae kozi hizo kwa sababu tu baba alitaka uwe mwanasheria.

Mkopo nao ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Lijue hilo kabla hujasaini.

Ijue bahari kwa saa zake

Ni aibu kwa mtoto wa pwani kushindwa kusema maji yatajaa saa ngapi, na elimu yake si ngumu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Katika mwambao wetu bamvua hupwa kabisa majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi. Ndiyo maana siku hizo utawaona akina mama wakielekea miambani kutafuta pweza wakati jua limeshapanda. Omba ruhusa ufuatane nao. Utajifunza kulitambua tundu la pweza, na utaelewa kwa nini shingo na mgongo vinawauma jioni.

Wavuvi wa dagaa wao wanataka giza. Taa za vyombo vyao huvuta dagaa usiku usio na mbalamwezi, hivyo mwezi ukipevuka vyombo hukaa pwani na mabaharia hushona nyavu. Siku hizo ndizo za kumkuta nahodha ana nafasi ya mazungumzo. Zile za giza mwache alale mchana.

Usalama hauna mjadala. Usiogelee kwenye mlango wa mto wakati maji yanatoka. Mto Pangani unakusanya maji tangu Kilimanjaro na Meru, na nguvu yake ikiungana na maji yanayokupwa, mkondo hukupeleka nje kabla hujapata sauti ya kuita. Ukinaswa, usishindane nao. Elea, upumue, ukate kwa ubavu kuelekea upande. Ukitembea kwenye mchanga wenye maji, buruta nyayo badala ya kuinua miguu, ili taa aliyejifukia ashtuke na kukimbia badala ya kukuchoma. Usipande chombo kisicho na majaketi ya kuokoa maisha, hata kama nahodha ni mjomba wako. Na ukialikwa kwenye chombo cha baruti, kataa papo hapo. Uvuvi huo ni kosa la jinai, na kesi moja inatosha kukufutia chuo.

Fanya kazi, hata yenye malipo madogo

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni kufundisha. Shule nyingi za sekondari za kata hazina walimu wa kutosha wa sayansi na hisabati, na mkuu wa shule mwenye busara hamfukuzi kijana aliyetoka kumaliza PCM au PCB. Posho itakuwa ndogo, au isiwepo kabisa. Lakini utasimama mbele ya watoto arobaini uwaeleze logarithimu, na hapo ndipo utakapojua kama uliielewa au ulikariri. Aliyesoma HKL au HGL naye ana soko: wahudumu wa nyumba za wageni wanataka Kiingereza cha kazi, na wazazi wanataka mtu wa kuwasimamia watoto wa darasa la saba wanaokaribia mtihani.

Kazi ya pili iko diko. Kuna kupara samaki, kubeba ndoo, kuchemsha na kuanika dagaa. Kama mikono yako ni laini kwa hayo, tafuta nafasi kwa anayeandika mgao. Chombo kikirudi, hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kilichobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia, kila mmoja kwa fungu lake. Kaa na daftari hilo kwa juma moja uone mwenye chombo anapata nini, nahodha anapata nini, na baharia aliyekesha anarudi nyumbani na nini. Ukienda kusoma uchumi, biashara au sheria, utakuwa na mfano wa kwenu kichwani kabla mhadhiri hajaanza kuandika ubaoni.

Kazi ya tatu ni utalii. Wageni wengi kutoka Ulaya huja kati ya Julai na Septemba, na hoteli za ufukwe wa Ushongo huhitaji mikono ya ziada. Ni kazi nzuri ukijua mipaka yake. Mgeni anayekuahidi tiketi, ada au ndoa baada ya siku tatu za kufahamiana, mshukuru na uendelee na kazi yako. Mtu wa nyumbani ajue uko wapi na nani, na utarudi saa ngapi, hasa jioni. Hilo ni kwa wasichana na wavulana pia.

Chochote utakachopata, lengo liwe moja: fedha ya kula ya majuma manne ya kwanza chuoni. Wenyewe chuoni huiita fedha ya kujikimu ya mkopo bumu. Mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini huja kwa mafungu, na mwanafunzi mpya lazima kwanza asajiliwe na asaini. Katikati hapo kuna siku za njaa. Aliyekuja na akiba hula taratibu akisubiri. Asiye na akiba huanza mwaka wa kwanza kwa kukopa, na bumu likiingia huligawa kwa wadai kabla hajanunua daftari.

Ujue mji uliokulea

Chuoni mtu atakuuliza kwenu kuna nini. Jibu la "kuna bahari" halitoshi.

Kama kwenu ni Pangani, vuka mto kwenda upande wa Bweni, kisha ufike Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, na ilipandwa huko. Kutoka miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mashamba yaliwaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Huenda babu yako alikuwa mmoja wao, na huenda utakapokutana na Muha wa Kigoma chuoni mtagundua kwamba nyinyi si wageni kwa kila mmoja.

Miaka michache kabla ya mkonge, Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza mwambao huu kuupinga utawala wa Wajerumani. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ulisoma habari zake kwa ajili ya mtihani. Sasa zisome ukiwa unatembea katika mji wenyewe.

Baharini kuna Maziwe. Kisiwa hicho, ambacho ni hifadhi ya bahari, zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo utakiona kama fungu la mchanga maji yanapokupwa. Ukienda, lipa kiingilio, usivunje matumbawe, na umuulize mzee aliyekiona kikiwa na kivuli. Somo la mabadiliko ya mazingira halitakupa mfano ulio wazi kuliko huo.

Kuhusu wazee, nenda na swali dogo. Ukimwambia mzee "nisimulie historia," atakupa hotuba aliyowapa wengine. Muulize kipande, yaani kadi ya kazi ya mkongeni, kilimalizwa kwa kazi gani, nani alikuwa fundi bora wa dau, sukari iliuzwaje mwaka wa shida. Omba ruhusa kabla ya kumrekodi kwa simu, taja tarehe na jina lake mwanzoni mwa rekodi, kisha uihifadhi mahali pawili. Ukimkuta anashona wavu, kaa chini umshikie. Mazungumzo huja yenyewe mikono ikiwa na kazi.

Jifunze kujitunza

Wavulana, sehemu hii ni yenu zaidi. Mwombe mama au dada akuache jikoni peke yako mara mbili kwa juma. Kabla hujaondoka uwe na uwezo wa kupika wali usioungua, maharage, mchuzi wa dagaa na ugali wa kueleweka. Bada na kisamvu cha nazi vitakuwa vya kujivunia, ingawa bara nazi ni ghali na utajifunza kupika bila tui. Ujue kufua shuka, kushona kifungo, kupiga pasi, na kupanga matumizi ya siku kumi kwa fedha uliyopewa. Jaribu mwenyewe: mwombe mzazi akupe fedha ya chakula chako ya juma zima kwa mara moja, uone itaisha siku gani.

Nenda zahanati ukaangaliwe, kwani vyuo hutaka fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Uliza pia kuhusu bima. Ada ya NHIF kwa mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu, na asiye na bima nyingine hutakiwa kuilipa wakati wa usajili. Ukifika bara ukapata homa, mwambie daktari kwamba umetoka pwani, ili malaria ipimwe mapema.

Wenzako wanaobaki

Matokeo ya Julai huwagawa watu mliocheza mpira pamoja. Kuna atakayekwenda chuo kikuu, atakayekwenda VETA, atakayerudia mtihani, na aliyeacha shule kidato cha nne ambaye sasa ana bodaboda na mtoto. Usianze kila sentensi kwa "sisi tunaokwenda chuo." Usiwahurumie mbele za watu, wala usiwakwepe. Kaa nao, cheza nao bao, wasaidie kujaza fomu zao kama wanataka. Mwenye bodaboda huyo ndiye atakayempeleka mama yako hospitali usiku wa manane wewe ukiwa Dodoma. Namba yake iwe kwenye simu ya mama, na ya mama iwe kwenye simu yake.

Mapenzi nayo huwaka mwisho wa msimu. Kama mnapendana, semeni wazi mnachotarajia. Kama hamjui, semeni hamjui. Si haki kumwachia mtu ahadi ya ndoa ili akusubiri miaka mitatu, kisha ukaipima ahadi hiyo kwa watu wapya wa chuoni. Na kama uhusiano umefika mbali, nendeni kituo cha afya mkapime na kupata ushauri wa kinga. Mimba isiyopangwa Septemba huweza kumwachisha msichana chuo, na mvulana huendelea na safari. Mvulana mwenye utu huliwazia hilo mapema.

Begi, nauli na kuaga

Begi lisiwe zito. Weka vyeti halisi kwenye mfuko usiopenya maji, uvibebe mkononi, visiende chini kwenye buti la basi. Shuka mbili, chandarua, ndoo, kufuli, viatu vya kutembea. Godoro nunua huko uendako. Anayekwenda Iringa au Mbeya atafute sweta zito mnadani kwenye mitumba, kwa sababu baridi ya huko hajawahi kuionja. Kwa vyakula, chukua dagaa wa kukaanga, visheti, achari na kashata. Vitakupa marafiki siku ya kwanza, kwani chumba kinaweza kuwa na watu zaidi ya vitanda, na huko chuoni kubebana ni jambo la kawaida.

Mama akitaka shughuli kubwa ya kukuaga, mwombe kwa heshima pilau liwe la jirani na ndugu wa karibu, na fedha iliyobaki iwe nauli na godoro. Mweleze kwa hesabu, atakuelewa.

Kisha zunguka uage. Pwani mtu hatoki kimya kimya. Anza na wazee wa ukoo uwaombe radhi, uende kwa mwalimu wako wa madrasa au padri wako, upite kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekufundisha kusoma, kwa mwenyekiti aliyekusainia fomu, na kwa majirani mliokosana. Zuru makaburi ya wenu. Wakikuombea dua, itikia amina na uzime simu.

Mwaka wa kwanza au wa pili utaombwa kuchagua mahali pa mafunzo kwa vitendo. Wenzako wengi watakimbilia Dar es Salaam. Wewe andika wilaya yenu: halmashauri, kituo cha afya, shule, ofisi ya uvuvi, popote kozi yako inapofaa. Utakuwa umeshajua nani wa kumwamkia, maji yanajaa saa ngapi, na tatizo gani linangoja msomi. Miji yetu ya pwani imesomesha watoto wengi ambao hawakurudi hata kufanya fildi. Usiwe mmoja wao.